Siku Mzee Agoni Alipochagua Vijiti

Ilitosha mtu kutaja vijiti tu, chai ya Mzee Agoni ikapoa. Angeweka kikombe chini, angejifuta mdomo kwa kiganja, na wenzake wangetazamana wakijua kwamba leo tena mapumziko yamekwenda na maji. Mafundi wa mabomba wana mengi ya kubishania, kuanzia mpira hadi siasa, lakini yeye alikuwa na moja tu, nalo lilikuwa mshono wa kwanza.

Asiyezijua kazi hizi ni lazima aelezwe kidogo, la sivyo habari yote itakuwa haina kichwa wala miguu. Mabomba mawili ya chuma yakitaka kuunganishwa huwekwa mdomo kwa mdomo, na katikati huachwa mwanya mwembamba. Mshono wa kwanza, ambao mafundi huuita ruti, ndio unaouziba mwanya huo kwa kulizunguka bomba lote na kuyeyusha kingo zote mbili mpaka ndani. Juu yake hupigwa mishono ya kujaza, na mwisho kabisa ule wa kufunika, ambao ndio watu huupiga picha na kuusifia. Ule wa kwanza hauonekani tena na mtu. Unabaki huko ndani gizani na kile kinachopita bombani, iwe maji, mvuke au mafuta, na ukiwa mbovu basi bomba zima ni bovu, hata juu ungepapamba vipi.

Sasa, kuupiga huo mshono kulikuwa na njia mbili. Njia ya vijiti ni ya mkono mmoja. Fundi anabana kijiti kwenye koleo lake, anakigusisha kwenye chuma, nacho kinawaka na kuyeyuka chenyewe mle mwanyani. Hakijali upepo wala kutu kidogo, lakini kinaacha moshi, na juu ya mshono kinaacha ganda gumu kama la kioo, la kugongwa na kubanduliwa. Njia ya gesi inataka mikono miwili. Mkono wa kulia unashika tochi yenye ncha ya moto, gesi ya agoni ikipuliza kuuzunguka moto ule ili hewa isiuharibu, na mkono wa kushoto unalisha waya mwembamba, tone baada ya tone. Ni kazi ya polepole na upepo hauipendi, ila haiachi ganda popote, si nje wala ndani.

Mzee Agoni alikuwa mtu wa gesi, na jina lenyewe alipewa na mtu wa vijiti. Huyo alikuwa fundi mwanamke aliyefanya naye kazi kwa miaka mingi, mwembamba, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine. Siku moja, baada ya kusikia agoni, agoni tangu asubuhi, alimwambia mbele ya watu kwamba siku akiwa mahututi hataomba maji ya kunywa, ataomba mtungi wa agoni. Jina likamganda hapo hapo. Mzee naye akalipiza kwa kumwita Mama Vijiti, ingawa watoto wa mama huyo walikuwa na majina mazuri tu.

Bomba likiwa kubwa, mafundi wawili hukaa mmoja huku na mwenzake kule, wakaanzia chini na kupanda taratibu mpaka wakutane juu. Hawaonani, maana bomba liko katikati, lakini kila mmoja anausikia moto wa mwenzake. Kwa sababu hiyo lazima wawili hao wakubaliane njia kabla hawajawasha, na katika kampuni yao msimamizi alikuwa na desturi ya kuwauliza wote wawili. Basi hapo ndipo vita ilipokuwa inaanza. Mama Vijiti angesema kwa gesi ya mzee bomba litaota kutu kabla halijafungwa. Mzee angejibu kwamba moshi wa mama unafukuza mbu mtaa mzima, watu wa afya wampe cheti. Ukweli ni kwamba penye upepo na haraka vijiti ndivyo vilivyofaa, na palipotakiwa usafi wa ndani gesi ndiyo iliyofaa, na wote wawili walilijua hilo vizuri. Hakuna aliyekuwa tayari kulisema kwa kinywa chake, kwa sababu wangekubaliana wangebaki hawana cha kuzungumza.

Kisha mkono wa kushoto wa mzee ukaanza kumsaliti.

Ulianzia mezani, nyumbani, siku ambayo kijiko kiligonga ukingo wa sahani mara kadhaa bila yeye kukiagiza. Mkewe, aliyekuwa hai bado, alimuuliza kama anasikia baridi. Alisema ndiyo, na mama wa watu akainuka kufunga dirisha. Mwaka huo huo mke akaugua, hakukaa sana, akafariki. Katika msiba waliouona mkono ukitetemeka walidhani ni majonzi, wakamshika bega na kumpa pole. Alizipokea pole hizo kwa jambo lisilohusika, na moyoni aliona kama anamwibia marehemu.

Msiba ulikwisha na kutetemeka hakukuisha. Alikwenda hospitali ya upande wa pili wa mji, ambako hakuna aliyemjua, na daktari akamweleza kwa upole kwamba vidonge vitapunguza lakini havitaondoa. Alivimeza. Asubuhi nyingine mkono ulitulia kabisa, naye akajipa moyo kwamba umepona, na kufika saa sita ungekuwa umeanza tena ukorofi wake.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mdogo wa kupitia, na tangu abaki peke yake alikuwa anazisikia ndara zake mwenyewe kila alipokwenda. Humo ndani alijifunza maisha ya mkono mmoja. Mashati ya vifungo aliyaweka sandukuni akahamia kwenye fulana za kuvaa kichwani. Kikombe alikijaza nusu. Chupa ya mafuta ya kupikia aliibana kwa magoti akaifungua kwa mkono wa kulia, na siku alipoangusha kifuniko kikabingirika hadi chini ya kabati, alikiacha huko huko akaziba chupa kwa karatasi, kwa hasira tu, kana kwamba kifuniko kilifanya makusudi.

Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa mji wa mbali. Kila Jumapili mchana binti alimpigia simu ya picha, na mzee alikuwa na utaratibu wake. Aliisimamisha simu mezani, akaiegemeza kwenye kopo la sukari, akakaa mbele yake ameshikilia kikombe kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliubana katikati ya mapaja kama mtoto mtundu kanisani. Binti aliona uso wa baba, fulana safi na ukuta, akaridhika. Alipojifungua, akawa anaileta sura ya mtoto karibu na simu na kuuliza babu anakuja lini kumpakata mjukuu wake. Babu alisema kazi ni nyingi mno. Mtoto akaanza kugeuka, kisha akaanza kukaa, na kazi zikawa nyingi vile vile.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Alijiona amemshika yule mtoto mbele ya wakwe, mkono umeanza mambo yake, na watu wote chumbani wamenyanyuka kwa pamoja kumpokonya. Afadhali mjukuu amwone kwenye simu, mkakamavu na mzima, kuliko kumwona hivyo. Alimpenda mtoto yule kwa namna iliyomuuma, na hakumwambia mtu.

Kazini nako alijitenga. Wenzake walipokaa kwenye mbao kunywa chai, yeye alikwenda nyuma ya stoo ya mitungi ya gesi akanywa ya kwake peke yake, akiwa ameitia katika chupa ya maji yenye kifuniko, maana chupa haimwagi siri. Wengine walisema ni ukiwa wa kufiwa. Wengine walisema mzee kajisikia siku hizi, hataki kukaa na watu. Mama Vijiti alimwita mara ya kwanza, akamwita ya pili, na hata mara moja alipaza sauti kwamba vijiti ndiyo baba yao, ili tu amchokoze arudi. Mzee alipunga mkono wa kulia akaendelea na safari yake. Mama akanuna, akaacha kumwita.

Angeweza kusema, bila shaka. Watu waliokuwa pale hawakuwa wabaya. Lakini mtu aliyeitwa Agoni maisha yake yote, aliyewafundisha nusu ya mafundi wale namna ya kulisha waya, angeanzia wapi kusema kwamba waya wenyewe sasa unamshinda? Aliamua kufa na tai shingoni. Na bahati ilimbeba, kwa kuwa kazi zilizofuata zilikuwa za mabomba ya maji, mazito, ambayo kila mtu alipiga kwa vijiti bila kuulizana. Palipotokea kiungo cha gesi alilalamikia mgongo, akampisha mwingine.

Bahati hiyo iliisha walipopelekwa kwenye mtambo wa kufua umeme.

Ilikuwa kazi ya mabomba ya mafuta. Ndani ya jengo kubwa lenye mwangwi kulikuwa na mashine ndefu kuliko basi, na mabomba hayo yangepeleka mafuta ya kulainishia kwenye beringi zake, pale mhimili unapozungukia. Upande mmoja wa jengo ukuta ulikuwa umebomolewa ili mashine iingizwe, na bado haukuwa umezibwa, hivyo upepo ulikuwa unapita humo kama uko kwao. Msimamizi, kijana mtaratibu aliyeijua kazi yake, aliwaita Mzee Agoni na Mama Vijiti kando ya kiungo cha kwanza. Akawaeleza kwamba njia zote mbili zimekubaliwa na wakaguzi kwa kazi hii, lakini kwa mshono wa kwanza wao ndio watakaokaa na bomba, basi waseme wanataka ipi. Wakitaka gesi, atawaagiza watu wafunge turubai kuzuia upepo kabla ya mchana.

Mzee alikuwa amejiandaa. Tangu alfajiri, akivaa viatu, alikuwa anayapanga maneno yake. Alieleza jinsi upepo wa mahali pale unavyobadilika, jinsi turubai linavyopigapiga na kupenyeza hewa chini, jinsi gesi ikipeperushwa mshono unavyotoboka vitundu vitundu kama mkate. Alisema mambo ya kweli matupu. Kisha akasema neno ambalo halijawahi kutoka kinywani mwake.

"Tupige vijiti tu."

Msimamizi alitikisa kichwa kukubali, akamgeukia Mama Vijiti. Mama huyu alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Hapo alipaswa kucheka, kuita watu waje washuhudie, kumtania mzee mpaka kustaafu. Badala yake alimtazama mzee usoni, akashuka na macho hadi mkono wa kushoto, ambao ulikuwa umezama kwenye mfuko wa ovaroli, akarudi usoni.

"Nipe mpaka baada ya chai," alimwambia msimamizi.

Hapo ndipo mzee alipojua ameharibu. Mkono alikuwa ameuficha vizuri, na hoja za upepo zilikuwa hazina tundu. Kosa lake lilikuwa kukubali kirahisi mno mbele ya mtu aliyebishana naye nusu ya umri wake. Angemdanganya daktari, angemdanganya binti yake, lakini Mama Vijiti alimjua kwa ubishi wake, na ubishi ukikosekana ghafla ni kama mashine iliyozima katikati ya kazi. Kila mtu anageuka kutazama.

Chai ilipofika alikwenda nyuma ya stoo kama kawaida yake na kuketi kwenye kipande cha bomba. Mama Vijiti akamfuata. Hakuomba ruhusa. Aliketi juu ya mtungi mtupu uliolazwa, kikombe chake mkononi, na kwa muda akanywa tu, kama mtu aliyekuja pale kwa sababu ya kivuli.

"Kaka," alisema hatimaye, "yale ni mafuta ya beringi."

"Najua."

"Ganda moja tu likibaki mle ndani. Leo limeganda, kesho mafuta ya moto yanalibandua, linaingia kwenye beringi."

"Najua, dada. Mimi ndiye niliyekufundisha hilo."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Mzee alisema ni upepo. Mama akamkumbusha kazi walizozifanya juu ya paa, turubai likiwa limefungwa kwa kamba za viatu, na bado mzee huyo huyo akishikilia gesi yake mpaka msimamizi wa wakati ule akatishia kulia. Mzee akasema watu huzeeka wakabadilika. Mama akaingiza mkono kwenye mfuko mrefu wa ovaroli yake, akachomoa waya wa kulishia, ule mwembamba unaong'aa, akamnyooshea.

Mzee aliupokea kwa mkono wa kulia.

"Kwa ule mwingine," mama alisema.

Upande wa pili wa stoo wenzao walikuwa wanacheka. Mzee alifikiri kuinuka aondoke. Alifikiri kumwambia asimchezee, yeye si mtoto. Badala yake aliutoa mkono wa kushoto mfukoni, akaushika waya kama ushikwavyo kazini, kati ya vidole viwili na gumba, ncha ikitazama mbele.

Waya mrefu ni shahidi mbaya. Kutetemeka kule, ambako kidoleni pengine usingekuona, kulipofika nchani kulikuwa kumekua mara nyingi, na ncha ikawa inachora hewani viduara visivyokwisha. Mama Vijiti aliitazama ncha hiyo. Mzee naye aliitazama, na macho yakamjaa machozi, akayaacha. Alimchukia mama yule kwa kumfanyia hivi. Na papo hapo, chini ya chuki ile, kitu kilikuwa kimemshuka mabegani ambacho alikuwa amekibeba peke yake siku nyingi mno.

"Daktari?" mama aliuliza.

"Nilikwenda. Nina vidonge."

"Nani mwingine anajua?"

Mzee alitikisa kichwa. Hakuna.

"Hata binti yako?"

"Hata yeye."

Mama akauchukua waya taratibu, akaurudisha mfukoni. Aliuliza kama amekwishakwenda kumwona mjukuu, na kabla hajajibiwa akaelewa, ikaonekana usoni kwamba ameelewa. Alivuta pumzi. Akasema, kwa sauti yake ya kawaida, kwamba wao wa vijiti si watu wa kuzungukazunguka, basi atasema moja kwa moja. Yuko tayari wakae upande mmoja wa bomba, mzee ashike tochi, yeye amlishie waya. Wafanye pamoja na hakuna atakayejua.

Mzee alilifikiria jambo hilo. Alilitaka sana, tusifiche. Aliuona mshono ukipanda, moto ukiwa wake. Lakini alijua kwamba mkono wa tochi na mkono wa waya hupokea habari kutoka kwenye kichwa kimoja, na kwamba mtu wa pili, hata awe nani, atachelewa kidogo tu, na kidogo hicho kingebaki ndani ya bomba.

"Hapana," alisema. "Piga wewe yote, huku na huku. Mimi nitajaza na kufunika."

"Kwa vijiti?"

"Kwa vijiti. Mkono mmoja unatosha."

Mama alitabasamu kidogo sana, tabasamu la mtu aliyeshinda kesi asiyotaka tena kushinda. Kabla hajainuka aliongeza jambo moja. "Na mtoto habebwi kwa kusimama, kaka. Unakaa kitini, unaegemea vizuri, wanakuwekea mapajani. Si ndivyo unavyoegemea bomba?"

Walirudi kwa msimamizi, na mzee ndiye aliyezungumza. Alisema ameufikiria tena usafi wa ndani, na upepo utazuiwa. Itakuwa gesi, na atakayepiga mshono wa kwanza ni huyu dada. Msimamizi aliwatazama kwa zamu. Labda alidhani wamekosana, labda alidhani mzee anampisha mwenzake kwa heshima. Aliuliza tu kama wameelewana. Walisema wameelewana, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa geni kwao, na watu wakatumwa kufunga turubai.

Mchana huo Mzee Agoni alikaa nje ya turubai, amelikanyaga pindo lake kwa buti ili upepo usipenye. Kazi hiyo ingeweza kufanywa na jiwe. Ndani, mwanga wa bluu ulikuwa unapumua juu ya kitambaa, na moto wa gesi, ambao hauna kelele za vijiti, ulikuwa unanong'ona tu. Aliyasikia yote. Alijua mama yuko chini ya bomba, sasa anapanda, sasa amesimama kidogo kubadili mkao. Kila moto uliposogea, kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kilisogea chenyewe kusukuma waya usiokuwepo. Hajawahi kuwa mpweke kama alivyokuwa pale, karibu na kazi yake hivyo na hana ruhusa ya kuigusa.

Mshono ulipozunguka na kufunga, mama alitoka akiwa ameloa jasho, akaenda kunywa maji. Mzee alichukua kurunzi na kioo kidogo chenye mpini, akakipenyeza kwenye mdomo wa bomba uliokuwa bado wazi, akauona mshono kwa ndani.

Ulikuwa mzuri. Ulikuwa umejaa sawasawa, hauna ganda wala tundu, mawimbi yake madogo yakifuatana bila haraka. Na alilijua lile wimbi. Lilikuwa lake, na ule mgeuko mdogo wa kila tone ulikuwa wake, ambao hakuwahi kumfundisha mtu kwa maneno. Miaka yote ile mama alipokuwa anazisema vibaya gesi na agoni, alikuwa pia anatazama. Mzee alibaki ameinama na kioo chake muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ilikuwa kama kukuta shati lako limevaliwa na mtu mwingine, na limemkaa vizuri. Alifurahi, akaumia, na havikuachana.

Kisha akaketi, akabana kijiti kwenye koleo, mkono wa kushoto akaukumbatisha bomba ili utulie, akajaza na kufunika. Alifanya kazi safi, kwa maana ndivyo alivyokuwa. Msimamizi alipopita alisimama, akatoa simu akaupiga picha mshono wa juu, akasema kwa sauti kwamba mzee ni mzee, hii ndiyo kazi ya Agoni. Mafundi wakaja kutazama. Mzee aliona amevishwa kilemba cha ukoka, ingawa kijana wa watu alisema kwa nia njema.

"Wa ndani ni wake," alisema, akamwonyesha Mama Vijiti kwa kidevu. "Huo ndio bomba."

Siku iliyofuata, wakati wa chai, alikwenda na chupa yake hadi kwenye mbao walipokaa wenzake. Alikaa mwisho kabisa, chupa ameibana kwa mkono wa kulia. Mama Vijiti hakumsemesha kwa upole wala hakumwonea huruma. Aliuliza tu, kwa sauti ya kusikika na wote, hivi kuna mtu hapa bado anadai gesi ni bora kuliko vijiti, na mzee akaweka chupa chini akajifuta mdomo. Wenzake walitazamana. Hata hivyo ule mkono wa kushoto ulibaki mfukoni muda wote, na alipofika nyumbani jioni alizisikia tena ndara zake peke yake.

Jumapili ikafika. Mchana simu ilianza kuita mezani, kando ya kopo la sukari lililokuwa mahali pake kama kawaida. Mzee aliitazama ikiita. Alinyoosha mkono wa kulia kuiegemeza, akaurudisha. Akaichukua kwa mkono wa kushoto.

Binti alitokea, nywele zimefungwa kitambaa, mtoto kamkalisha mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

Hawakuwa na neno. Mtoto ameota jino, halali, hataki uji. Binti alikuwa anaeleza huku anakunja uso na kuisogeza simu yake, mara huku, mara kule.

"Baba, picha yako inarukaruka sana leo. Mtandao wa huko mbovu. Ngoja nikate nipige tena."

Angesema ndiyo tu. Mtandao mbovu, kata upige tena, na katikati hapo kopo la sukari lingekuwa limeshapata kazi yake, na Jumapili hii ingepita kama zile zote. Upenyo wenyewe binti ndiye aliyempa, bila kujua. Aliubana mkono ili utulie, ukazidi.

"Usikate," alisema. "Mtandao mzima, mama. Ni mkono wangu."

Binti aliacha kuisogezasogeza simu yake. Mzee hakuiweka simu chini. Na yule mtoto, ambaye siku zote alikuwa amezoea babu aliyetulia kama picha ya ukutani, alimwona babu anayecheza, akanyoosha mikono yote miwili kumkamata, akacheka.